Kimea Nyuma ya Kompyuta

Hivi wewe uliyekaa hapo, umewahi kuona kompyuta ikiotesha ulezi? Hujawahi. Wala usinitazame hivyo, sijalewa, leo nimekunywa chai tu. Sogea nikuhadithie, maana kuna watu wanasema bibi wa darasa la pili atajua nini habari za kompyuta. Kweli sijui. Lakini siku walipokaa kikao kuamua kama ile mashine ibadilishwe roho au iachwe na roho yake ya zamani, mwenyekiti nilikuwa mimi. Nyumba yangu, viti vyangu, na ulezi ulikuwa wangu.

Hilo darasa la pili lenyewe nililiacha kwa heshima. Padre alimwambia baba kwamba nina akili. Baba akasema, akili hizo hizo zinatosha kulimia.

Basi. Nyumba yangu iko hapa mjini Sumbawanga, upande wa kuelekea Pito, na chumba cha mbele kinatazama barabara. Zamani kilikuwa cha wageni, nikakichoka, maana mgeni ukimpa chumba kizuri haondoki. Siku moja akaja mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akasoma na kozi ya kompyuta kwa masista.

"Bibi, nipe chumba cha mbele nifungue steshenari."

"Ndiyo mdudu gani?"

"Kuchapa barua, kutoa kopi, picha za paspoti."

"Kwa hiyo watu watakuja hapa, watakaa wanasubiri?"

"Watakaa, Bibi."

"Watashikwa na kiu?"

Akacheka, akajua chumba keshapata. Mimi kazi yangu ni pombe ya ulezi, napikia uani. Mtu anayesubiri barua yake ichapwe na mtu anayesubiri kikombe ni mtu yule yule.

Kompyuta ilikuja na basi kutoka Mbeya, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa kafa Ulaya, yaani mtumba, kama makoti na sidiria tunazochambua sokoni. Ninyi hamjui, sisi tulianza na foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unajipanga hata hujui mbele wanauza nini, ukifika unakuta betri, na redio huna, unanunua hivyo hivyo. Halafu wakafungua milango, wakasema kila mtu auze anachotaka, ndipo dunia nzima ikatumwagia mizigo yake huku juu mlimani. Yalianza makoti, zikafuata pikipiki, mwisho kompyuta. Mzungu akichoka na kitu kinapanda meli, kinapanda lori, kinakuja kuzeekea Ufipa, kama wale mapadre wetu wa zamani wenye ndevu.

Ilikuwa na kioo chenye mgongo mrefu kama televisheni, na pembeni boksi lenye feni. Watu wote walitazama kioo. Mimi mtu wangu alikuwa boksi.

Nikwambie kwa nini. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi haina adabu. Upepo unakuja unakuvua nguo ukiwa umezivaa. Na ulezi ni kama mtoto mchanga. Unauloweka, unauchuja, unautia kwenye gunia, unaufunika vizuri, unasubiri utoe vijino vyeupe. Hicho ndicho kimea. Ukishakianika na kukisaga ndiyo unapata pombe. Bila kimea una uji, na uji haujawahi kumfanya mtu aimbe. Sasa baridi ikizidi, ulezi unagoma. Unakaa tu kwenye gunia unanuka.

Siku moja nafagia nyuma ya ile meza, hewa ya moto ikanipiga mguuni kama ng'ombe amenipumulia.

"Mashine yako ina homa," nikamwambia mjukuu wangu.

"Ndivyo ilivyo, Bibi. Ikifanya kazi inapata joto, feni inalitoa nje."

"Inalipeleka wapi?"

"Linapotea tu."

Linapotea. Mimi nimezaliwa Mollo, kwa watu ambao hata majani ya shambani hawayachomi, wanayafukia ndani ya matuta yaoze yawe chakula cha mahindi ya mwakani. Halafu mtu ananiambia joto zima, joto lililolipiwa umeme, linapotea. Kesho yake gunia langu likakaa nyuma ya kompyuta, kiganja kimoja mbali na lile tundu linalopumua. Kimea kiliota kwa wakati, vijino vimelingana kama vya mtoto wa shule. Wapishi wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba nina dawa. Unajua mji wetu ulivyosingiziwa uchawi, mtu akipata kitu kizuri lazima awe na dawa. Nikawaambia dawa ninayo, nimeichomeka ukutani. Wakaogopa zaidi.

Tukaishi hivyo kwa raha, yeye mbele anachapa, mimi nyuma naotesha. Mpaka siku ile mwalimu wa sekondari alipokuja na mtihani wake kwenye flashi. Mjukuu wangu akaichomeka. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaleta maneno ya Kizungu. Akayasoma, kidole kwenye kioo.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema faili hili limetengenezwa kwenye mashine mpya. Yenyewe hailijui."

Mwalimu akachukua flashi yake, akavuka barabara. Kule ng'ambo kuna kijana alikuwa ameleta kompyuta nyembamba kama sinia. Juma lililofuata wakavuka wengine. Unamwona mtu anakuja, unaanza kumsogezea kiti, anatazama hili likioo letu lenye mgongo, anasema "nitarudi", anavuka. Nitarudi yenyewe mpaka leo.

Halafu akaja katibu wa parokia, baba mmoja anayetembea kama amebeba sakramenti hata akienda chooni. Alikuja na kazi mbili. Paroko wetu alikuwa anatimiza jubilei ya upadre. Kazi ya kwanza, jumuiya yetu imepangiwa pombe, kwa hiyo mpishi ni mimi. Ya pili, vijitabu vya misa ya jubilei vichapwe kwa mjukuu wangu.

"Lakini maandishi yanatoka jimboni, kwenye flashi," akasema. "Nasikia mashine yenu siku hizi inachagua. Ikigoma, mama, mimi nitavuka barabara. Jubilei haisubiri mtu."

Alipoondoka, mjukuu wangu akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti.

"Bibi, kazi ya parokia ikivuka barabara, mimi nafunga. Mjomba ananiita Mbeya nikamuuzie vipuri dukani kwake."

Mimi nikasema vipuri ni biashara nzuri. Mdomo ndio uliosema. Babu yenu nilikuwa nimeshamzika, watoto wangu wote wamepanda mabasi, na huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa anaingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi. Akienda Mbeya nani atanigombeza kwa kuweka sufuria juu ya karatasi zake? Nikaenda uani, nikaosha pipa lililokuwa safi.

Tukamwita fundi. Alikuwa kijana wa Kisukuma, wazazi wake waliteremka na ng'ombe zao kutoka kaskazini yeye akiwa mdogo. Ng'ombe hakuwataka, akataka waya. Sisi na wao tunataniana, kwa hiyo akiingia kwangu hapiti hivi hivi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtani. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimia. Wanasema mmelima mpaka njiani."

"Waambie wasome mipaka."

"Hawajui kusoma."

"Basi waende darasa la pili, mbona mimi nilikwenda."

Akafungua lile boksi, akamulika na tochi. Kisha akaingiza vidole viwili, akatoa vumbi lenye kitu cha kijani.

"Bibi, humu ndani kuna shamba."

Punje za ulezi zilikuwa zimeingia, zimeota kwenye vumbi, mistari kabisa. Nikamwambia anirudishie, ni mali yangu.

Basi akatueleza. Akasema ndani ya kompyuta kuna mtambo mkuu, mafundi wanauita windo, ndio unaoiamsha asubuhi na kuipangia kazi. Ya kwetu ilikuwa ya zamani. Programu mpya ya kuandikia, ile inayofungua faili za watu wa sasa, haikubali kukaa juu ya windo ya zamani. Dawa yake ni kuifuta hiyo na kupiga mpya.

"Tukipiga mpya?" mjukuu wangu akauliza.

"Faili zote zitafunguka. Shida ni mashine yenyewe, imezeeka, memori ndogo. Ni kama mzee umwozeshe mke kijana."

"Atakufa?" nikauliza mimi.

"Anaweza kufa, bibi. Anaweza kufurahi pia."

"Na tukiiacha?"

"Itaendelea hivi hivi mpaka mteja wa mwisho avuke."

"Ikigoma katikati?"

Hapo akaacha utani. "Ikigoma katikati hamtakuwa na ya zamani wala mpya. Ile CD ya windo yenu ya zamani mnayo?"

Mjukuu wangu akatikisa kichwa. Mashine ilikuja na blanketi tu.

"Na kitu kingine," fundi akasema, "windo mpya itaitumikisha. Joto litaongezeka. Hilo ndilo baya."

"Nani kakwambia ni baya?" nikauliza.

Jambo kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja. Nikaita kikao. Alikuja mdogo wangu wa kiume kutoka Mollo, katekista mstaafu, kwa bodaboda, miwani imefungwa na uzi isipeperuke. Nikamkalisha yeye, fundi, na mjukuu wangu. Nikaweka na kikombe katikati, maana kikao kikavu hakizai neno.

Mdogo wangu akaanza kama kawaida yake, akasimama. "Dada, kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Hii mashine inawaka, inachapa, inatosha. Mambo ya kubadilisha badilisha ndiyo yaliyoiharibu dunia."

"Wewe kaa," nikamwambia. "Si wewe uliyelia walipoondoa Kilatini kwenye misa?"

"Nililia. Na nilikuwa na haki."

"Leo ukiambiwa usali Baba Yetu kwa Kilatini, unafika wapi?"

Akafikiri. "Pater noster," akasema. Akatafuta mbele, hakukuwa na kitu. Fundi akacheka mpaka akamwagikiwa.

"Lakini dada, Kilatini hakikuzimika katikati ya misa."

Hapo alinipata. Nikakubali, nikamwongezea kikombe. Ila na mimi nina langu kuhusu Kilatini: tulipokuwa hatuelewi kitu tulikuwa tunaitikia kwa sauti, kanisa linatikisika. Walipotuletea Kiswahili tukaelewa kila neno, ndipo tulipoanza kusinzia.

Mjukuu wangu alikuwa hajasema kitu. Nikamgeukia. "Duka ni lako. Sema."

"Naogopa, Bibi."

"Unaogopa nini?"

"Ikifa kwa kuachwa, imekufa yenyewe. Ikifa kwa kupigwa windo, nimeiua mimi."

Nikamwambia, "Mwanangu, kuku akifa kwa kideri umempoteza bure. Ukimchinja, angalau kuna mchuzi."

"Bibi, kompyuta haina mchuzi."

"Na Mbeya haina bibi."

Akaniangalia. Nilikuwa sijataka kusema hilo, lilitoka lenyewe, mdomo wangu hauna mlango. Akainama, akakwangua ukucha wake muda mrefu, kisha akamwambia fundi, "Piga." Mdogo wangu akasimama tena, akaiombea mashine, sala ndefu kuliko aliyomwombea marehemu mume wangu. Fundi akavua kofia.

Siku yenyewe fundi alifika asubuhi. Kwanza akahamisha kazi zote za mjukuu wangu kwenye flashi. Halafu akatia CD, akabonyeza, akasema, "Sasa inajifuta na kujijenga yenyewe. Inachukua muda. Msiiguse, iangalieni tu. Itachemka, msishtuke." Akatoka kwenda mjini kununua waya. Mjukuu wangu akakimbia parokiani kuchukua ile flashi ya jimbo. Mimi nilikuwa uani nasugua mapipa. Gunia langu la kimea cha jubilei lilikuwa mahali pake, kiganja kimoja, limeanza kutoa vijino. Na mlinzi wa vyote alikuwa mdogo wangu, kwenye kiti, na rozari yake.

Nilikuwa nainua pipa nikasikia kimya. Ile feni siku zote inalia kama nyuki. Nikaingia ndani. Nikakuta mezani kuna mlima. Blanketi langu zito, lile la kitandani, limefunika boksi, limefunika kioo, limeteremka mpaka chini kufunika na gunia, na gunia limesukumwa mpaka limegusa tundu, kingo zote zimechomekwa vizuri kama anavyofunikwa mtoto.

"Umefanya nini?"

"Nimewafunika," mdogo wangu akasema, ametulia kabisa. "Upepo unaingia mlangoni, dada. Kimea kinataka joto, na mashine fundi mwenyewe kasema itachemka. Nikaona wasaidiane."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Ndivyo mama alivyotufundisha wote wawili, kitu kinachotaka kuota kifunike. Kabla sijalivuta lile blanketi, fundi akatokea mlangoni na waya wake. Akauona ule mlima chini ya blanketi. Akatutazama sisi wazee wawili tumesimama pembeni.

"Kuna msiba?" akauliza.

Sasa mtani akikuta msiba ana kazi yake, hata wewe unaijua. Akaketi chini, akajitia kofia usoni, akaanza kulia kwa sauti. "Mtani wangu, umeniacha na nani. Ulikuwa unachapa barua za wanaume, wake zao wasijue. Wafipa wamekuua kwa blanketi. Walizoea kuua kwa radi, wewe wamekuona huna hata thamani ya radi."

Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikashika ukuta. Na hapo hapo mjukuu wangu akaingia, ana flashi ya jimbo mkononi, anahema. Akasikia kilio, akaona kilichofunikwa. Akakaa palepale kizingitini, akaanza kulia, lakini yeye kweli, bila sauti, machozi tu yanateremka.

Fundi akanyamaza mara moja. Mtani anajua mahali pa kukomea. Akainuka, akatoa blanketi, akaweka kiganja juu ya boksi, akakiondoa haraka. "Imebanwa pumzi, ikajizima yenyewe. Hii inajua kujiokoa. Tuiache ipoe."

Tukaiacha ipoe. Katika maisha yangu nimekesha misiba mingi, kuikesha mashine mchana kweupe ilikuwa mara ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa ametoka nje, amesimama na uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Fundi alipoiwasha, ikawaka, ikaleta mwandiko mweupe kwenye weusi.

"Inasema ilikatishwa katikati," mjukuu wangu akasoma. "Ya zamani haipo. Mpya haijaisha."

"Tutaanza upya," fundi akasema. "Safari hii nakaa hapa hapa, simwachii mtu. Lakini bibi, gunia litoke."

"Lirudi kiganja kimoja."

"Litoke chumbani. Lina maji, lina mvuke, na mashine hii sasa inapumua kwa shida. Ikizima mara nyingine sijui kama nitaweza kuiinua."

Nikalipapasa gunia. Upande uliogusa tundu ulikuwa umepikika, vijino vimelala, vimekufa. Upande wa pili ulikuwa hai, wa moto, unaota. Kile kilichobaki kikipigwa na baridi ile, kimekwisha, na jubilei nzima itakunywa soda. Jikoni moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi, na kuni zilikuwa mbichi. Nikamtazama mjukuu wangu. Hakuniomba kitu. Alikuwa anatazama sakafu tu, ameishika ile flashi ya jimbo kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Nikalibeba gunia langu, nikaokota na blanketi, nikaenda chumbani, nikapanda nalo kitandani. Mchana kweupe. Nikalikumbatia. Wewe unacheka, lakini nakwambia lilikuwa na joto kuliko marehemu, na halikukoroma.

Mdogo wangu akachungulia. "Dada, unalala na ulezi?"

"Wewe nenda zako. Umeshafunika vya kutosha."

Akaenda kunitafutia kuni kavu, siku nzima sikumwona. Mimi nikabaki mle, nasikiliza kupitia ukuta. Nasikia fundi anakohoa. Nasikia kibodi inabonyezwa kidogo, kimya. Kila baada ya muda mjukuu wangu anakuja mlangoni kunipa habari, kama mtu anayemhudumia mzazi, ila hapa hatukujua nani anazaa.

"Imefika nusu, Bibi."

"Na huku kwangu kunaendelea kuota."

"Imeganda."

"Usiitazame sana, inaona haya."

Halafu nikasikia mashine imepiga kinanda. Kidogo tu, kama mtu amegusa kinanda cha kanisa kwa bahati mbaya. Ikafuata sauti ya fundi, "Haya, mzee kafurahi," na mjukuu wangu akaja mbio, akanivuta mguu kwenye blanketi. Nikakataa kutoka, nikamwambia niletee habari, kimea changu hakijaamuliwa. Akarudi, akaniambia flashi ya jimbo imefunguka, yote, na picha ya paroko akiwa kijana, ana nywele. Hapo karibu niinuke. Paroko na nywele.

Printa nayo ikagoma, ikasema haimjui huyu mgeni, yaani windo mpya. Fundi akaenda mjini kuitafutia programu yake, kesho yake ikakubali, na karatasi zikaanza kutoka. Mjukuu wangu akazileta chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, tukavikunja vijitabu pamoja, gunia katikati yetu. Yeye anakunja, mimi nabana pini. Kimoja nilikibana juu chini, kikatoka hivyo hivyo. Baadaye nikaja kujua kilimwangukia katibu wa parokia, na aliimba misa nzima amekishika vile vile, hakutaka watu wajue.

Pombe ilitoka nyepesi, kwa sababu ya kimea nusu. Nilijiandaa kutukanwa. Kumbe watu walikunywa, wakakaa, wakasikiliza hotuba zote, hakuna aliyepigana wala aliyeanguka mtaroni, na paroko akasimama akasema hajawahi kuona waumini wenye utulivu kiasi hiki, hakika neema imefanya kazi. Mdogo wangu akanikonyeza. Nikamwambia asijisifu, neema ilikuwa na blanketi.

Duka halikufungwa. Walimu walirudi mmoja mmoja, wengine wakajifanya hawakuwahi kuvuka. Mashine imekuwa nzito, sikufichi. Ukiibonyeza inatulia kwanza, kama mimi nikiitwa niko uani. Lakini inafungua. Mjomba wa Mbeya alitafuta mtu mwingine wa kumuuzia vipuri. Na joto limeongezeka, fundi alisema kweli. Tuligombana naye, tukapatana: amenipigilia ubao nyuma ya meza, gunia linakaa juu ya ubao, mbali kidogo, na mdogo wangu haruhusiwi kuingia chumba kile na kitu chochote cha kufunika, hata koti lake analivua mlangoni.

Siku moja hivi karibuni mjukuu wangu akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akachukua ungo akanisaidia kupeta. Akasema fundi kapita, anasema na hii windo yetu inaanza kupitwa, ziko mpya zaidi, ipo siku itabidi kuamua tena.

Nikaendelea na ulezi wangu.

"Kwa hiyo nakuahidi, Bibi," akasema. "Hata waje mafundi wa Dar, hata waje na barua ya askofu, humu ndani haipigwi windo nyingine mpaka nije hapa jikoni nikuulize kwanza kama umeloweka."